Panga safari ukianzia pakavu

Leo nawaomba tugeuze shingo. Sisi watu wa Mara tumelelewa tukitazama ziwani: samaki wanatoka huko, upepo unatoka huko, mitumbwi inarudi huko. Nataka tuangalie mgongoni mwetu, mashariki, ng'ambo ya Serengeti, kwenye nchi kavu inayoanzia nyanda za Salei hadi Ziwa Natron. Pana mlima unaotema lava nyeusi inayogeuka nyeupe, na ziwa la magadi lisilonyweka. Watu wanavuka bahari kuja kuviona. Sisi tunaokaa jirani, wengi wetu tumepita karibu na nchi hiyo tumelala ndani ya basi la Arusha, pazia limefungwa.

Tanzania haina jangwa la mchanga mtupu kama Sahara, na sitaki nimdanganye mtu. Lakini nchi ninayoisema inaweza kumuua mtu kwa kiu kama jangwa lolote, na uzuri wake unatokana na ukavu huohuo. Kwa hiyo neno langu la leo ni la namna ya kupanga. Familia nyingi hupanga safari kwa kuanzia nyumbani: tutatoka saa ngapi, tutakula wapi mchana, tutalala wapi. Kwa nchi kame ninawaomba mfanye kinyume. Anza na kipande kikavu kuliko vyote, mahali ambapo ukikwama hakuna fundi, hakuna duka, hakuna simu. Kikishapangika hicho, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike mlangoni kwako Musoma.

Kwanza nikuchoree njia. Unatoka Musoma hadi Makutano, unaingia Butiama, unakwenda Nata, halafu Mugumu. Kutoka Mugumu unaingia Hifadhi ya Serengeti upande wa kaskazini kwa geti la Tabora B, unakatiza hadi geti la Klein's, unatokea Ololosokwan, kisha Waso na Loliondo. Kutoka Waso hadi Sale kuna lami, kilometa 49. Baada ya hapo unateremka Bonde la Ufa hadi kijiji cha Engare Sero kando ya Ziwa Natron, unapita chini ya mlima wa Ol Doinyo Lengai, unafika Engaruka, na mwisho Mto wa Mbu kwenye barabara kuu. Kurudi, unapanda Karatu, Ngorongoro, unapita geti la Naabi, Seronera, unashuka ukanda wa magharibi na kutokea Ndabaka, halafu Bunda. Ni duara kamili, na kila hatua yake iko ndani ya nchi yetu.

Kipande kikavu ni kile cha kati, kutoka Sale hadi Engaruka. Kaa hapo kwa fikra kabla hujakaa kwa gari. Swali la kwanza ni maji. Mtu mzima kwenye joto la Natron anahitaji lita nne hadi tano za kunywa kwa siku, mbali na kuoga na kupika. Ziwa lenyewe liko kama meta 600 tu juu ya usawa wa bahari, wakati sisi hapa Musoma tuko juu ya meta 1,100, na tofauti hiyo utaisikia kwenye ngozi kabla hujaambiwa. Watu watano kwa siku mbili za hapo wanataka lita 50, na mimi ningeongeza madumu mawili ya lita 20 yasiyoguswa, kwa ajili ya siku ambayo hamkuipanga. Rejeta nayo hunywa. Usijidanganye kwamba kuna ziwa: maji ya Natron ni magadi makali, yanaunguza macho na ngozi. Mto wa Engare Sero una maji baridi yanayotoka nyanda za juu, na maporomoko yake ni starehe ya kweli baada ya vumbi. Lakini maji ya chemchemi nyingi za nchi ya volkano yana floraidi, ile inayoacha meno rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Beba maji yako ya kunywa.

Swali la pili ni mafuta. Gari linalokwenda kilometa nane kwa lita kwenye lami ya Musoma na Bunda linaweza kushuka hadi tano kwenye mchanga, mawe na gia za chini. Jaza tangi Mugumu. Ongeza Waso hata kama mshale uko nusu, tena beba dumu la akiba lililofungwa vizuri nje ya chumba cha abiria. Kutoka Engare Sero hadi Mto wa Mbu ni kilometa zipatazo 120, ambazo kwenye ramani zinaonekana chache, lakini zinaweza kuchukua saa nne. Ndiyo maana nasema kilometa hazipangi safari huko. Saa za mwanga ndizo zinazopanga.

Nataka nikumbushe jambo tulilolishuhudia wote. Mwaka 2011, taifa zima lilielekea Samunge, kule kwa Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wengi wa Kanda ya Ziwa walipitia Bunda na Mugumu. Waliobeba wagonjwa walipanga safari kwa imani na haraka, na simlaumu hata mmoja wao. Mwenye mama anayeumwa hapigi hesabu za lita. Lakini foleni ya magari ilirefuka kilometa nyingi kwenye nchi isiyo na maji wala vyoo, watu wakakaa siku na siku, wapo waliofia njiani, na ikafika mahali mchungaji mwenyewe akaomba watu wasije kwa muda hadi foleni ipungue. Nchi ile ina uwezo wa kubeba wafugaji wanaojua visima vyake na mifugo inayohamahama. Haikuwa na uwezo wa kubeba umati. Hilo lilikuwa somo la uchungu kwa familia nyingi za hapa kwetu, na ninalitaja kwa heshima ya waliopoteza watu.

Kwa nini kukavu hivyo, wakati Ngorongoro juu pana ukungu na msitu? Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye nyanda za juu za Ngorongoro hupanda, hupoa, hudondosha maji upande wa mashariki, na ukivuka kileleni unakuwa umekwisha. Upande wa kisogo wa milima, kule Olduvai na Salei, hupata makombo. Juu ya ukavu huo, Lengai kwa maelfu ya miaka umemwaga majivu yenye madini, yakajaza nyanda za mashariki ya Serengeti na kuganda chini kama sakafu. Mizizi ya miti haipenyi, nyasi fupi hupenya, na nyasi hizo zina madini ambayo nyumbu mwenye mimba anayahitaji. Ndiyo sababu nyumbu zaidi ya milioni moja huzalia kule kati ya Januari na Machi, halafu hutembea kuja upande wetu, Grumeti na Mto Mara. Yale makundi ambayo watu wa Bunda na Mugumu huyaona yamekua kwa majivu ya mlima ule. Mimi nikifikiri hivyo, naona Natron si ugenini hata kidogo.

Mlima wenyewe, Ol Doinyo Lengai, Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Una urefu wa karibu meta 2,960, na ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina ya magadi, baridi kuliko lava nyingine, nyeusi inapotoka na nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Wanaoupanda huanza usiku wa manane ili wafike kileleni kabla ya jua, na mwongozaji wa Engare Sero ni lazima. Kama una watoto au magoti yamechoka, utazame kutoka chini, hautakupunja chochote.

Ziwa Natron lina kina cha chini ya meta tatu, na ndilo mahali pakuu pa kuzalia heroe wadogo, hao tunaowaita flamingo. Robo tatu hivi ya heroe wadogo wote duniani wanatokana na Afrika Mashariki hii, na karibu wote huanguliwa kwenye matope yale ya magadi, ambako fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga. Mwaka 2001 ziwa liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za Ramsar. Baada ya hapo ukaja mpango wa kiwanda cha magadi, na kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa mwaka 2008 baada ya mabishano makali. Nasema hivi ili ujue kwamba ukiwaona ndege wale wamelifunika ziwa kwa rangi ya waridi, unaona kitu ambacho watu walikitetea. Usiwakaribie kwa gari. Ganda la magadi linaonekana gumu na chini ni tope.

Halafu kuna vitu viwili ambavyo wapita njia wengi huviacha, nami nawasihi msiviache. Karibu na Engare Sero kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita. Baadhi ni za kundi la watu waliotembea pamoja, uelekeo mmoja. Nenda na mwenyeji, uvue viatu pale utakapoambiwa. Na kule Engaruka kuna mabaki ya mashamba ya kale: kuta za mawe, mifereji, matuta yaliyopangwa kwa ustadi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wakulima wale waliishi kati ya karne ya 15 na ya 18, wakiyaongoza maji ya mito midogo kutoka nyanda za juu mpaka yakatosha kulisha maelfu ya watu mahali ambapo leo unaona miiba na vumbi. Hawakuwa na pampu. Walijua kugawana maji. Ukipita vijiji vya Wasonjo utawakuta watu ambao mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji na wazee wanagawa zamu, na wataalamu wengi wameilinganisha kazi hiyo na ya Engaruka. Mkulima wa Nata au Butiama anayelia na mvua zisizotabirika angeshinda pale siku nzima akiuliza maswali, nami ningefurahi sana kumwona anashinda.

Sasa turudi nyuma kuelekea nyumbani, kama nilivyosema. Kabla ya kipande kikavu kuna hifadhi, na hifadhi ina saa zake. Mageti ya Serengeti hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, na kibali chako kina saa zake tangu ulipoingia. Malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, si noti mkononi, kwa hiyo lipa ukiwa mahali penye mtandao. Mtanzania hulipa kwa shilingi na ada yake ni ndogo sana kuliko ya mgeni, beba kitambulisho. Ngorongoro ina mamlaka yake na malipo yake, na kule Natron halmashauri zina mageti yao. Tenga fedha za kila geti katika bahasha yake, uwe na risiti zote.

Kuna anayeuliza: mbona ile barabara ya kaskazini haijawekwa lami ili tufike Loliondo kwa saa chache? Mwaka 2010 serikali ilitangaza mpango wa barabara kuu ambayo ingekatiza hifadhi kwa kilometa zipatazo 53. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama likafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaamua kwamba kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi ni kinyume cha mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Najua wapo wenzetu Mugumu wanaoumia kwa kukosa njia ya haraka ya biashara, na kilio chao ni cha haki. Lakini malori ya usiku katikati ya nyumbu wanaohama yangekata mguu wa uhamaji wenyewe, nami niko upande wa mahakama. Mwalimu Nyerere aliliambia taifa hili katika Tamko la Arusha la Septemba 1961 kwamba wanyamapori hawa ni dhamana yetu. Ukianza safari, simama Butiama kwenye makumbusho yake na kaburi lake pale Mwitongo. Mtu huyu alijua mwendo: Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Waoneshe watoto njia aliyoanzia kabla hamjawasha gari tena.

Gari nitalipitia haraka, maana fundi wako anajua kuliko mimi. Liwe la juu, Land Cruiser au mfano wake. Noah ibaki nyumbani. Spea tairi mbili, jeki yenye kipande cha ubao cha kuikalisha kwenye mchanga, pampu, viraka, mkanda wa feni wa akiba, kamba ya kuvutia, koleo. Magari mawili ni bora kuliko moja hata kama ni ya zamani, kwa sababu moja likifa jingine linakwenda kuita msaada. Kama ni moja tu, basi dereva awe mtu aliyewahi kuipita njia ile, na asiwe peke yake anayejua kuendesha.

Wenyeji sasa. Unapita ardhi ya Wamaasai na Wasonjo, na Loliondo imepitia mambo mazito. Juni 2022 ziliwekwa alama za kutenga kilometa za mraba 1,500 kwa uhifadhi, kukawa na mvutano na watu wakaumia. Kwa hiyo usiingie njia ya pembeni kwa sababu tu unaiona. Uliza Ololosokwan au Waso ni ipi iliyo wazi. Salimia kwanza, uliza njia baadaye. Usipige picha ya mtu, boma lake wala mifugo yake mpaka akubali, na kama mmekubaliana malipo, lipa palepale. Mwongozaji wa kijijini si gharama ya kukwepa. Ndiye anayejua korongo lipi lilijaa jana.

Wakati wa kwenda? Mimi nachagua Juni. Masika yamekwisha, makorongo yamekauka, jua la Natron halijafika kilele chake, na shule zimefungwa. Kuna sababu nyingine ambayo ni ya watu wa Bunda hasa: Juni nyumbu huwa wako ukanda wa magharibi, karibu na Mto Grumeti. Ukizunguka kama nilivyokuchorea, ukatokea nchi kame na kurudi kwa Ndabaka, utawakuta njiani mwishoni, wakati ambapo uchovu umeingia na watoto wamenuna. Udongo mweusi wa ukanda ule ukilowa hushika gari kama saruji, lakini Juni kwa kawaida umeshakauka. Kuna mbung'o huko. Hufuata nguo za bluu na nyeusi, basi vaeni kaki au kijivu na vioo vifungwe mnapokwenda polepole.

Fedha ndizo hutukatisha tamaa, nami sikubali kwamba hatuwezi. Mkoa huu ukipata msiba, usiku uleule kuna kamati, mweka hazina, orodha ya michango na Coaster asubuhi. Ujuzi huo tunao. Familia tatu au nne za mtaa mmoja wa Bunda, au walimu wa shule moja ya Butiama, wakianza kuchanga Januari kidogo kidogo, Juni inawakuta na kodi ya magari mawili, ada za mageti na mafuta. Gawaneni kazi kama mnavyogawana msibani: mmoja wa maji, mmoja wa mafuta, mmoja wa vibali na risiti, mmoja wa dawa na chakula. Siku sita zinatosha, na ya saba iachwe tupu katikati, pale Engare Sero, bila kazi yoyote. Tairi zikikataa, ni siku ya fundi. Zikikubali, mtashinda kwenye maporomoko.

Na kuna mtu mmoja anayebaki nyumbani, ambaye kwangu ni sehemu ya msafara. Mwachieni karatasi: majina ya wote, namba za magari, kila kituo cha kulala, namba ya simu ya kila geti na ya mwenyeji wenu Engare Sero. Kubalianeni saa. Kila jioni mtampigia mkifika penye mtandao. Siku ya kipande kikavu ajue kwamba mtakuwa kimya mpaka kesho yake saa sita mchana. Saa sita ikipita hajasikia, anampigia mwenyeji. Saa nane ikipita, anawapigia polisi wa Waso. Asisubiri jioni, asione haya kwamba atawasumbua watu bure, na ninyi mkifika salama mkakuta amewasumbua, mshukuruni.